Fundi, piga hesabu hizi kabla ya kununua mashine ya kukatia kona

WAKULIMA wa miti wa Mufindi, Njombe, Makete na Kilolo wanaijua vizuri safari ya mbao zao. Mpaina hutunzwa shambani kwa miaka mingi, kisha huuzwa ukiwa bado umesimama au ukiwa umepasuliwa mbao mbichi. Mbao hupakiwa kwenye lori, na mwenye shamba hubaki akisubiri miche mingine ikue.

Mbao hiyo hiyo ikifika mjini hukaushwa, hupigwa randa, hukatwa na kuwekwa ndani ya nyumba. Huwa skatingi, yaani ubao unaozunguka chini ya ukuta. Huwa ubao wa kufunika ufa kati ya fremu ya mlango na ukuta. Huwa konisi, ule urembo unaokaa mahali ukuta unapokutana na dari. Kila hatua huongeza bei, na hatua ya mwisho ndiyo mwenye nyumba anayoitazama kila siku.

Ndiyo maana mafundi seremala wengi wa miji midogo iliyo karibu na mashamba ya miti, kama Mafinga, Makambako na Njombe, wanatamani kuifanya kazi hiyo wenyewe badala ya kuiachia karakana za Keko, Dar es Salaam. Wakiulizia vifaa, mojawapo ya mashine wanazoonyeshwa kwanza dukani ni ya kukatia kona, maarufu kwa jina la maita so.

Tatizo ni kwamba mashine hizi ziko za aina nyingi na bei zake zimepishana sana. Fundi anayenunua kubwa kupita kazi yake amefunga mtaji. Anayenunua ndogo kupita kazi yake ataishia kumalizia kwa msumeno wa mkono. Anayekopa fedha bila kupiga hesabu anaweza kujikuta anaifanyia kazi mashine, badala ya mashine kumfanyia kazi yeye.

Mashine hii inafanya nini

Maita so ni msumeno wa umeme wenye bledi ya duara, uliofungwa kwenye mkono unaoshuka na kupanda juu ya meza ndogo. Mbao haisukumwi kama kwenye msumeno wa meza. Mbao hutulia, ikiegemea ukingo wa chuma ulio nyuma ya meza, na bledi ndiyo inayoshuka.

Aina ya kawaida kabisa ina mzunguko mmoja tu. Meza yake hugeuka kulia na kushoto, hivyo hukata kona ya fremu ya picha au ya mlango. Aina ya pili, ambayo ndiyo inayohitajika kwa urembo wa ndani ya nyumba, ina mizunguko miwili. Pamoja na meza kugeuka, kichwa chenye bledi huweza kulala ubavuni hadi nyuzi 45 au zaidi kidogo. Fundi anaweza kugeuza meza na kulaza kichwa kwa wakati mmoja, akapata mkato wenye mshazari wa pande mbili.

Katika aina hii ya pili kuna mashine zinazolala upande mmoja tu, kwa kawaida kushoto, na zinazolala pande zote mbili. Zinazolala pande mbili humpunguzia fundi kazi ya kugeuzageuza ubao mrefu kila anapobadilisha kona. Kwa anayefunga chumba kimoja kwa mwezi, tofauti hiyo haina uzito. Kwa anayefunga nyumba nzima kila wiki, ni saa kadhaa zinazookolewa, na makosa ya kukata kona kinyume hupungua.

Ni vyema ieleweke pia kuwa mashine hii haichongi urembo. Mawimbi na mifereji ya kwenye uso wa skatingi au konisi hutengenezwa na mashine nyingine. Maita so hukata urefu na kona tu. Anayetaka kuuza skatingi zilizokamilika atahitaji vyote viwili, au atafute mwenye mashine ya kuchonga wagawane kazi.

Kosa la uzi mmoja lina bei yake

Wapo wanaosema kuwa msumeno wa mkono na sanduku la kukatia kona vinatosha. Kwa kazi chache, wako sahihi. Sanduku hilo ni la bei ndogo, halihitaji umeme, na fundi makini huweza kukata nalo kona nzuri. Udhaifu wake ni kwamba mifereji yake hupanuka kadiri linavyotumika, na msumeno huanza kucheza.

Kucheza huko kuna madhara yanayoweza kupimwa. Chukua ubao wa upana wa sentimita 10 uliokatwa kona ya nyuzi 45. Urefu wa mkato wenyewe ni takriban milimita 141. Mkato ukikosewa kwa uzi mmoja tu, nafasi inayobaki mwishoni mwa kona ni karibu milimita 2.5. Kama ubao wa pili nao umekosewa hivyo hivyo, nafasi hufika karibu milimita 5. Hiyo ni kona ambayo kidole kinaihisi na jicho linaiona ukiwa mlangoni.

Kwenye fremu ya pande nne makosa hujumlishana. Fremu ina mikato minane. Kila mkato ukikosewa nusu uzi kuelekea upande uleule, kona ya mwisho itakuwa na upungufu wa nyuzi 4. Fundi ataijaza kwa mchanganyiko wa gundi na vumbi la mbao, kisha rangi. Baada ya miezi michache kijazo kinapasuka, na mwenye nyumba anampigia simu, au anakaa kimya na kumtafuta fundi mwingine.

Kuna na upotevu wa mbao. Chumba cha futi 12 kwa 14 kina mzunguko wa futi 52. Ukitoa mlango wa futi 3, zinabaki futi 49 za skatingi. Kwa mbao za futi 12, zinahitajika tano, ambazo ni futi 60, na ziada ni futi 11. Kona mbili zikikatwa vibaya kwenye mbao ndefu, ziada hiyo imekwisha na fundi anarudi dukani kununua ubao wa sita. Asipokuwa ameuweka kwenye makadirio yake, analipa kutoka mfukoni.

Chagua ukubwa kwa mbao, usichague kwa macho

Mashine hizi hutajwa kwa kipenyo cha bledi. Zilizo nyingi sokoni ni za inchi 8 na nusu, ambazo huandikwa milimita 216, za inchi 10, na za inchi 12, ambazo huandikwa milimita 305.

Kwa mashine isiyo na reli, ya inchi 10 kwa kawaida hukata ubao wa upana wa inchi 6 ukiwa umenyooka, na ubao wa inchi 4 kwa kona ya nyuzi 45. Ya inchi 12 hukata ubao wa inchi 8 ukinyooka, na wa inchi 6 kwa nyuzi 45. Hivyo fundi anayefanya zaidi skatingi za inchi 4 na mbao za kufunikia fremu za inchi 3, anatosheka na mashine ya inchi 10. Anayepata kazi nyingi za mbao za inchi 6 atahitaji ya inchi 12 au yenye reli.

Mashine yenye reli ni ile ambayo kichwa chake huvutwa mbele na kusukumwa nyuma. Kwa njia hiyo hata yenye bledi ya inchi 8 na nusu au 10 huweza kukata ubao wa upana wa inchi 12 hivi. Inafaa kwa anayetengeneza pia rafu, ngazi au makabati. Gharama yake ni kubwa zaidi, huwa nzito, huhitaji nafasi nyuma yake, na reli zake zikilegea usahihi unapotea. Kwa skatingi na fremu peke yake, reli ni gharama ya ziada isiyorudi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kimo. Njia rahisi ya kukata kona ya skatingi ni kuusimamisha ubao wima ukiegemea ukingo, kisha kugeuza meza nyuzi 45. Mashine ndogo haziwezi kukata ubao mrefu uliosimama wima. Hapo ndipo mzunguko wa pili unaposaidia. Ubao hulazwa chali mezani, na kichwa hulazwa nyuzi 45. Kabla ya kununua, fundi achukue kipande cha skatingi pana kuliko zote anazofunga, aende nacho dukani, na akijaribu kwa njia zote mbili. Kipande hicho kitamwambia mengi kuliko picha iliyo kwenye boksi.

Konisi na namba zake

Konisi ndiyo huwatoa jasho mafundi wengi, kwa sababu haikai bapa ukutani. Inalala kwa mshazari kati ya ukuta na dari. Kuikata kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuiweka kwenye mashine kama inavyokaa darini, lakini ikiwa imepinduliwa, yaani ukingo wa nyuma unakuwa ndio ukuta na meza inakuwa ndiyo dari. Meza hugeuzwa nyuzi 45 na kichwa hakilazwi. Njia hii ni nyepesi kukumbuka, ila inahitaji mashine yenye ukingo mrefu na kizuizi kinachozuia konisi isiteleze.

Njia ya pili ni kuilaza konisi bapa mezani na kutumia mizunguko yote miwili. Kwa konisi inayolala nyuzi 38 kutoka ukutani, kona ya chumba yenye nyuzi 90 hupatikana kwa kugeuza meza nyuzi 31.6 na kulaza kichwa nyuzi 33.9. Kwa konisi inayolala nyuzi 45, meza hugeuzwa nyuzi 35.3 na kichwa hulazwa nyuzi 30. Mashine nyingi zina alama maalumu kwenye namba hizi. Fundi anayetarajia kazi za konisi za mbao azitafute alama hizo kwenye mashine kabla ya kulipa.

Konisi za jipsamu, ambazo zimeenea katika nyumba nyingi mpya, hukatwa vizuri kwa msumeno wa mkono. Vumbi lake likiingia kwenye mota ya mashine huiharibu, na jipsamu hupunguza ukali wa bledi. Kama kazi zote za fundi ni za jipsamu, hana sababu ya kununua mashine hii.

Namba zote hizo zinachukulia kuwa kona ya chumba ni nyuzi 90 kamili. Kuta za tofali zilizopigwa plasta mara chache huwa hivyo. Fundi apime kona kwanza na kugawa kwa mbili. Kona ikiwa nyuzi 92, ncha ya kila ubao iwe nyuzi 46, yaani meza igeuzwe nyuzi 44. Kwa kona za ndani za skatingi, wazoefu hawategemei mshazari kabisa. Ubao wa kwanza hukatwa mraba na kugusa ukuta. Wa pili hukatwa nyuzi 45 ili umbo la uso wake lionekane, kisha hufuatishwa mstari wa umbo hilo kwa msumeno mwembamba wa upinde, ukaukumbatia ule wa kwanza. Kiungo cha namna hiyo huvumilia ukuta usionyooka.

Bledi ndiyo inayokata

Bledi inayokuja na mashine mara nyingi ina meno machache, kati ya 24 na 40. Hiyo inafaa kwa kukata mbao za kenchi. Kwa kazi ya urembo, bledi ya inchi 10 iwe na meno 60 hadi 80 yenye ncha za kabaidi. Meno mengi hukata polepole lakini huacha uso laini usiohitaji msasa. Kwenye makadirio ya mtaji, bei ya bledi nzuri iwekwe tangu mwanzo.

Mambo mawili ya kuangalia ni tundu la katikati na mwinamo wa meno. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya zina tundu la milimita 30, na nyingi za Marekani za inchi 10 zina la takriban milimita 16. Bledi isiyolingana isilazimishwe kwa kipande cha bati. Mwinamo wa meno uwe mdogo au wa kurudi nyuma, kwa kuwa bledi yenye meno yaliyoinama sana mbele hujivutia mbao na kuupandisha ubao ghafla.

Aina ya mti nayo ina sehemu yake. Mpaina una utomvu unaoganda kwenye meno na kuifanya bledi ipate moto, hivyo isafishwe mara kwa mara. Mvule huweza kuwa na mabonge magumu kama mawe ndani yake, ambayo hung'oa ncha za kabaidi. Mninga hukatika vizuri, lakini vumbi lake huwasumbua baadhi ya watu kifuani.

Umeme na unit za LUKU

Wapo wanaoogopa mashine hii wakidhani inamaliza umeme. Hesabu inaonyesha vingine. Mashine ya wati 1,800 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa sekunde 5 kwa kila mkato, unit moja inatosha mikato 400. Chumba cha kawaida hakihitaji hata mikato 30. Umeme ni gharama ndogo kuliko gundi.

Tatizo la umeme liko kwenye ubora wake. Mashine ya wati 1,800 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 8, na inapowaka huvuta zaidi kwa muda mfupi. Waya mwembamba na mrefu hupunguza volti, mota hupata moto na kaboni zake huisha haraka. Kwa umbali mrefu wa eneo la ujenzi, waya wa milimita za mraba 2.5 unafaa, na usitumike ukiwa umeviringishwa. Kwa jenereta, ya kilowati 3 humpa fundi nafasi ya kupumua. Ya kilowati 1 haitaweza.

Tahadhari kubwa ni kwa mashine za mitumba. Zilizotoka Marekani ni za volti 120. Zikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230, mota huungua. Ziko pia mashine za betri, ambazo ni nzuri kwa nyumba ambazo bado hazijaunganishwa umeme. Anayenunua aulize bei ya betri ya pili kabla ya kuuliza bei ya mashine, kwa sababu betri ndiyo itakayochoka kwanza.

Kagua hivi dukani

Mnunuzi aende na kipande cha ubao kilichopigwa randa, chenye upana wa inchi 4 na pande zilizo sambamba. Aombe mashine iwekwe kwenye sifuri, akate ubao katikati. Kisha apindue kipande kimoja juu chini na kuviunganisha viwili mahali pa mkato, huku vikiegemea ukingo ulionyooka. Vikikutana bila mwanga kupita, mashine imenyooka. Nafasi ikionekana, kosa halisi ni nusu ya nafasi hiyo. Kosa dogo hurekebishwa kwa skrubu za ukingo. Kosa lisilorekebishika ni sababu ya kuiacha.

Baada ya hapo ashike mpini, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, autikise kulia na kushoto. Mkono ukicheza, mikato itacheza. Ageuze meza hadi kwenye vituo vyake vya nyuzi 15, 22.5, 31.6 na 45, na kuona kama inajifunga imara. Awashe na kuzima kuona kama bledi husimama ndani ya sekunde chache, ishara kuwa ina breki. Mwanga wa leza usimshawishi sana. Leza isiyorekebishwa humdanganya fundi kuliko jicho lake.

Aulize pia kama kaboni, mkanda na swichi za mashine hiyo zinapatikana. Mashine ya bei nafuu yenye vipuri mjini ina thamani kuliko yenye jina kubwa isiyo na vipuri. Majina kama Makita, Bosch na DeWalt huigizwa, hivyo bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine ni dalili ya kutilia shaka. Mnunuzi adai risiti ya EFD na karatasi ya dhamana yenye namba ya mashine. Anayeuziwa bidhaa bandia anaweza kulalamika Tume ya Ushindani, na bila risiti malalamiko yake hayana miguu.

Je, italipa?

Hesabu ifuatayo ni ya mfano. Kila fundi aweke bei za mahali alipo.

Tuseme mashine ni Sh700,000, bledi nzuri na stendi ni Sh150,000. Mtaji ni Sh850,000. Tuseme itatumika miaka minne, kisha iuzwe Sh150,000. Uchakavu kwa mwaka ni Sh175,000. Kunoa bledi, kaboni na matengenezo tuweke Sh100,000. Kama fedha ni za mkopo wa riba ya asilimia 18, riba ya mwaka wa kwanza ni Sh153,000. Jumla ni Sh428,000 kwa mwaka.

Upande wa faida, tuseme mashine inaokoa siku moja ya fundi kwa kila chumba, yenye thamani ya Sh20,000, na mbao za Sh5,000 ambazo zingeharibika. Jumla ni Sh25,000 kwa chumba. Ukigawa Sh428,000 kwa Sh25,000, fundi anahitaji vyumba 18 kwa mwaka ili asipate hasara, yaani nyumba tano za vyumba vinne.

Anayefunga vyumba sita tu kwa mwaka anaokoa Sh150,000 huku mashine ikimgharimu Sh428,000. Huyo akodishe. Kama kukodi ni Sh15,000 kwa siku na kila chumba kinachukua nusu siku, atalipa Sh45,000 na kubaki na Sh105,000. Njia nyingine ni mafundi watatu kununua moja kwa pamoja, mradi waandikiane mapema nani analipa bledi ikiharibika.

Kwa wanaotafuta mtaji, zipo fedha za halmashauri zinazotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambazo hutolewa kwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Ofisi za SIDO mikoani hutoa ushauri kwa wenye viwanda vidogo, na vyuo vya VETA hufundisha useremala. Kwa mkulima, mashine hii ina kazi nyingine pia. Ikifungwa kipande cha kuzuia kwenye stendi, hukata vipande vingi vya urefu uleule, jambo linalohitajika kwenye fremu za mizinga ya nyuki, vizimba vya sungura na viota vya kuku wa mayai.

Mbao mbichi huiumbua mashine nzuri

Fundi anaweza kuwa na mashine bora na bado kona zake zikafunguka. Sababu ni unyevu. Mbao inapokauka husinyaa upana, lakini urefu haubadiliki sana. Hivyo kona iliyokatwa nyuzi 45 kwenye ubao mbichi hubadilika umbo, na kiungo hufunguka upande wa ndani. Hakuna gundi inayozuia hilo.

Hapa ndipo mkulima na mfanyabiashara wa mbao wanapoweza kupata bei nzuri zaidi. Mbao zilizopangwa kwa vijiti kati ya kila safu, zikafunikwa mvua na jua, zikaachwa kupitisha upepo hadi zikakauka, ni bidhaa tofauti na mbao zilizoshushwa jana kutoka msituni. Fundi anayejua thamani ya kona yake ataongeza bei kwa ajili yake.

Vidole, mapafu na banda la kuku

Mashine hii haina huruma. Mikono ikae umbali wa sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye bledi. Kipande kifupi kisishikwe kwa mkono, kibanwe. Kifuniko cha bledi kisifungwe kwa waya ili kibaki wazi, kama wanavyofanya wengine kwa haraka. Glovu na mikono mirefu ya shati visivaliwe, kwa kuwa bledi huvishika na kuvivuta. Mkato ukiisha, swichi iachiwe na bledi isubiriwe isimame kabla ya kuinua mkono wa mashine.

Vumbi nalo si jambo la kupuuza. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Barakoa nzuri, miwani na kazi ya sehemu ya wazi ni gharama ndogo mno ukilinganisha.

Kwa wafugaji wanaonunua maranda ya kutandika bandani, waulize mbao zilizotumika. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki, ambazo mara nyingi huwa na rangi ya kijani, zina sumu. Maranda yake yasitandikwe kwenye banda wala mabaki yake yasipikiwe. Aidha, vumbi laini la maita so halifai kwa vifaranga, kwani hulidonoa wakidhani ni chakula.

Kwa fundi anayejiandaa kununua, hatua ya kwanza haimpeleki dukani. Achukue daftari, aandike vyumba alivyofunga miezi 12 iliyopita, upana wa mbao alizotumia na mbao zilizoharibika. Namba hizo tatu zitamweleza kama anahitaji ya inchi 10 au 12, yenye reli au isiyo na reli, au aendelee kukodi hadi kazi ziongezeke.